Mkazi wa Kitaji

Mume wa kwanza wa Dafroza alizikwa mwaka 1992, nyuma ya zizi, naye mwenyewe hakuwamo kaburini. Badala ya mwili waliweka tunda la mti wa mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima, wakalifunga kwenye shuka lake la zamani na kulifukia kwa heshima zote, isipokuwa ya padri, ambaye alikataa katakata kuja kuliombea tunda. Wazee wa ukoo wakanywa pombe ya mtama mpaka ikaisha, wakagawana koti lake na baiskeli, kisha wakaondoka wameridhika kama watu waliomaliza kazi ngumu.

Marehemu wakati huo alikuwa hai, tena mwenye afya njema, katika mji wa Uppsala nchini Sweden. Jina lake Florian. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba pale Bunda, kijana mwenye mwandiko mzuri, na mwaka 1981 aliteuliwa kwenda kusomea mambo ya ushirika kwa miezi tisa. Huo ulikuwa wakati ambao Bunda nzima ilikuwa inatafuta sabuni. Dafroza alimsindikiza stendi akiwa amembeba mgongoni binti yao, Justina, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Miezi tisa ikapita. Zikaja barua chache, moja ikiwa na picha ya theluji, kisha kimya. Ushirika aliokwenda kuusomea uliyumba, wakulima wakauza pamba kwa mkopo na kusubiri malipo mpaka mbegu za msimu uliofuata zikaota, na mtaalamu wao hakuonekana.

Dafroza hakumngoja kwa kulia. Aling'oa pamba akapanda mihogo na mtama. Wakati sukari ilipokuwa ikitafutwa kwa vikao na vibali, alikaanga vitumbua visivyo na sukari na watu wakavinunua wakimshukuru. Baadaye biashara ilipofunguliwa, na Musoma ikapata kiwanda cha kukata minofu ya sangara kwa ajili ya Ulaya, alianza kwenda huko kununua mapanki, yaani ile mifupa yenye kichwa inayobaki mnofu ukishaondolewa. Aliyaleta kijijini kwao Guta, akayakausha kwa moshi na kuyauza sokoni Bunda. Banda la kukaushia alijengewa na Bernado, binamu yake Florian, mwanamume mpole mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema. Alikuja kujenga banda, akabaki kulikarabati, na baada ya miezi michache kila mtu Guta alijua kwamba hakuna banda linalohitaji ukarabati wa namna ile.

Tatizo lilikuwa kwamba mwanamke hawezi kuchukuliwa na mtu mwingine wakati mumewe hajulikani yuko upande gani, wa wazima au wa wafu. Ndipo likatafutwa tunda. Baada ya mazishi wazee walimkabidhi Bernado nyumba, shamba na mwanamke. Dafroza, ambaye alikuwa ameamua mwenyewe siku nyingi kabla yao, aliinamisha kichwa akanyamaza, wakajiona ndio walioamua.

Wakapata watoto wawili wa kiume. Padri, kwa kuwa hakulitambua lile tunda, hakuitambua na ndoa, na Dafroza akawa anakaa benchi la nyuma kanisani wenzake wanapokwenda kupokea komunyo. Alilizoea benchi hilo. Lilikuwa karibu na mlango, na mwenye samaki motoni anahitaji kukaa karibu na mlango.

Mwaka 1995, Jumapili moja ya Agosti, pikapu ya kukodi ilisimama mbele ya nyumba hiyo, akateremka Florian. Alikuwa na kofia ya jua, kamera shingoni, na sanduku lenye magurudumu ambayo hayakuzunguka hata mara moja kwenye mchanga wa Guta. Jirani yao Wankyo alipiga yowe akakimbilia ndani kwake. Dafroza aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Bernado alikohoa, akaenda kuleta kiti.

Walipomweleza habari ya kaburi, Florian alicheka sana. Akaomba aonyeshwe. Akasimama juu yake, akamwomba Bernado ampige picha.

"Wenzangu kule hawataamini," alisema.

Justina alipewa gauni la maua. Lingemfaa mtoto wa darasa la kwanza, na yeye alikuwa karibu kumaliza la saba, mrefu kumzidi mama yake. Alilishikilia kifuani, akasema asante, na jioni ile ile akampa mtoto wa jirani. Baba hakuona, kwa sababu alikuwa anaeleza jambo lililomleta.

"Nimekuja kujiandikisha kupiga kura," alisema. "Nchi imeingia mfumo wa vyama vingi. Kila raia sauti yake ihesabiwe, popote alipo."

"Umetoka Ulaya kwa ajili ya kura?" Dafroza aliuliza.

"Ni haki yangu."

Hakukuwa na neno lingine la maana alilosema siku hiyo. Usiku alilala gesti, Bunda mjini. Desturi ya ukoo wao ni kwamba aliyezikwa akirudi haingii nyumbani mpaka wazee wakae, wamtobolee tundu kwenye ukuta wa nyuma, apitishwe hapo na kuchinjiwa mbuzi. Florian aliipokea desturi hiyo kwa furaha isiyofichika, kwani gesti ilikuwa na bafu.

Uandikishaji ulifanyika shule ya msingi, darasani. Mwandikishaji alikuwa Mwalimu Silasi, mtu mwenye sauti kavu, ambaye alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya wale waliopanga foleni na hakuonekana kujivunia. Pembeni walikaa mawakala wa vyama, wakitazamana kama wakwe waliogombana. Florian alisimama kwenye foleni na pasipoti mkononi. Nyuma yake alikuwa Wankyo, ambaye yowe lilikuwa limeshamwisha na ulimi umemrudia.

"Shemeji, huko Ulaya mnakulaga nini?"

"Kila kitu. Hata sangara wa huku tunampata dukani."

"Mnampata na kichwa?"

"Hapana, mnofu tu. Safi kabisa."

"Basi kichwa tunacho sisi, na miiba yote," Wankyo alisema, na foleni ikaanza kusikiliza. "Mnofu umewafuata huko huko kwenu. Sasa na kura nayo umeifuata huku? Si mtuachie hata hiyo, shemeji!"

Watu walicheka. Florian naye alicheka, kidogo, kama mtu anayecheka utani wa lugha asiyoielewa vizuri.

Mwalimu Silasi hakucheka. "Unaishi wapi, ndugu?"

"Kwetu ni hapa Guta."

"Sijauliza kwenu. Unaishi wapi?"

"Kwa sasa, Uppsala."

"Iko kata gani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Florian aliweka pasipoti mezani, na inafaa kusema kwamba hapo alizungumza vizuri. Alisema ameombwa mara nyingi achukue uraia wa kule akakataa. Alisema Mswidi hata akiwa Tanzania anapiga kura ya kwao. Alisema nchi ikichafuka, anayeulizwa maswali kwenye viwanja vya ndege vya watu ni yeye, si Mwalimu Silasi, na kwamba raia hafanywi raia na mahali anapotandika kitanda. Wakala mmoja alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba hajui huyu bwana ni wa chama gani, akaacha.

"Hayo ni maneno ya bungeni," alisema Mwalimu Silasi. "Mimi nimepewa swali moja, na hilo ndilo lenye nafasi kwenye karatasi yangu. Gesti hatuandikishi. Kama una nyumba hapa, alete mwenye nyumba neno kwamba unalala kwake. Mawakala wakiridhika nitakuandika."

Wa baada ya Wankyo alikuwa mtoto wake wa kiume, Chacha, anayeuza dagaa Migori, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Chacha huja kila mwezi na unga na mafuta, na paa la mama yake amelipiga bati kwa jasho la huko. Mwalimu Silasi alimuuliza swali lile lile, na Chacha, ambaye hajajifunza kudanganya walimu, akajibu Migori. Hakuandikwa.

"Mwalimu!" Wankyo aling'aka. "Huyu si mtu wa ndege, huyu! Huyu analeta unga!"

"Sheria haijauliza unga, mama."

Wankyo aliondoka akiitukana sheria, mwalimu, na Sweden.

Jioni Florian alimkuta Dafroza bandani, anageuza mapanki juu ya moshi. Alijiziba pua kwa leso.

"Ni jambo la kisheria tu, Dafroza. Bernado atoke wiki hizi chache, alale hata kwa majirani. Mimi nilale ndani, wewe uje umwambie mwalimu kwamba naishi hapa. Nikishaandikishwa, kila mtu arudi mahali pake."

"Ukilala ndani ya nyumba hii unajua inakuwaje?"

"Mambo ya tundu ukutani? Tuko mwaka 1995."

"Mwaka tunaujua. Wazee wakishakupitisha, kaburi limefutika. Nyumba inakuwa yako. Shamba lako, mimi wako, na Bernado anakuwa mtu aliyekuja kujenga banda. Wewe ukipanda ndege, wanangu wanabaki kwa nani?"

"Nitaandika barua, nieleze kwamba—"

"Uliandikaga," Dafroza alisema, akageuza samaki mwingine.

Florian alieleza tena, polepole, kama watu wanavyomweleza mtu wanayemwona hajasoma. Hakuwa anataka shamba. Angefanya nini na shamba la mihogo? Hakuwa anamtaka na yeye. Kule alikuwa na mtu, mwalimu wa muziki. Alitaka anuani. Dafroza alimsikiliza mpaka mwisho, na kilichomtia uchungu hakikuwa mwalimu wa muziki. Ni kwamba huyu mtu angeweza kumvunjia nyumba bila hata kuitaka.

Kumkatalia tu hakungetosha, kwa kuwa Florian hakuwa amekuja kuomba ruhusa. Alikwisha kutuma nauli Butiama kumwita Mzee Kasmiri, mkubwa wa ukoo, aje aendeshe kikao Jumapili ya pili yake. Pamoja na nauli alituma redio mpya yenye mlio wa kutikisa kuta. Dafroza alimjua Kasmiri. Ndiye aliyeendesha mazishi ya tunda. Ndiye aliyechukua baiskeli.

"Akitaka, nitatoka," Bernado alisema usiku huo, baada ya kukohoa.

"Utoke uende wapi?"

"Ni mkubwa wangu."

"Mkubwa wako anajua hata Justina yuko darasa la ngapi? Kaa hapo, Bernado. Usinitie aibu mbele ya watoto."

Siku zile alifanya kazi kwa hasira, na mikono ikiwa na kazi kichwa nacho hufanya yake. Alimfikiria Chacha. Yule angepewa kura, kwa maoni yake, hata mbili, na si kwa ajili ya unga. Bei ya dagaa ikishuka Chacha anaumia. Barabara ya kwenda mpakani Sirari ikiharibika analala njiani. Mpaka ukifungwa, mama yake halali. Florian je, akichaguliwa mtu mbaya, atakosa nini? Atasoma gazeti, asikitike, azime taa. Lakini Dafroza alikuwa mkweli kwa nafsi yake kuliko wengi waliobishana habari hii kwenye vilabu vya pombe. Alijiuliza pia: kama Florian asingekuwa ameitishia nyumba yake, bado angemnyima kura? Akaongeza kuni.

Florian naye alikosa subira. Uandikishaji ulikaribia kufungwa, kikao kilikuwa bado. Katikati ya wiki alipanda basi kwenda Musoma, kwa rafiki yake wa zamani, Boniphace, mwenye baa mtaa wa Kitaji. Boniphace alimpokea kwa bia na samaki, na asubuhi akampeleka kituo cha uandikishaji. Guta walimwona aliporudi siku ya kikao, anatembea kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi.

Kikao kilikaa uani baada ya misa. Mzee Kasmiri alikalia kiti cha chuma, redio mapajani, akiipapasa kama paka. Wazee wengine walijipanga benchi moja. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Nyuma ya nyumba, kijana mmoja wa ukoo alikuwa ameshachora kwa mkaa mahali pa kutoboa ukuta, na Dafroza aliupita mchoro ule bila kuutazama. Bernado alikuwa amekaa chini, amekunja miguu, mikono juu ya magoti.

"Mtoto wetu tulimlilia," Kasmiri alianza, "na mtoto wetu amerudi. Ukoo mwingine wangekuwa wanaimba. Mimi sioni tatizo. Bernado ni mtu mwelewa. Tutoboe ukuta, tule mbuzi, mwenye nyumba aingie."

Wazee waliguna kukubali. Walikuwa na njaa.

Florian aliinua mkono, akasimama, akatoa kadi mfukoni. "Wazee wangu, nawashukuru. Lakini haraka haipo tena. Nimeshaandikishwa. Hii hapa, shahada ya mpiga kura." Akaipitisha mbele ya macho yao, taratibu, kuanzia mwanzo wa benchi hadi mwisho. "Nimewaonyesha kwamba inawezekana. Ni kujua haki zako tu."

Dafroza alikuwa amesimama mlangoni. Wanawake hawazungumzi kwenye kikao kile mpaka waulizwe, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alizungumza.

"Baba Justina, uliwaambia unaishi wapi?"

"Kitaji. Kwa Boniphace."

"Wakakukubalia hivi hivi?"

"Wapi! Wakala mmoja alikuwa msumbufu, akaweka pingamizi. Mwandikishaji akasema niape. Nikaapa."

Mkono wa Kasmiri ulisimama juu ya redio.

"Uliapa?" aliuliza.

"Kwa Biblia, mzee. Mkono juu. Kwamba mimi ni mkazi wa Kitaji, na kwamba sina makazi mengine yoyote. Ni utaratibu tu."

Katika ukoo ule mtu anaweza kusema uongo sokoni, mahakamani, hata kwenye maungamo, na akaonekana mtu wa kawaida. Kuapa ni kitu kingine. Anayeapa uongo hafi peke yake. Hufuata ndugu zake, na ng'ombe zao, mmoja mmoja, mpaka ukoo uishe. Wazee wale walikuwa tayari kuvunja nyumba ya Dafroza kwa redio na mbuzi. Kufa kwa ajili ya baa ya Boniphace hawakuwa tayari. Aliyekuwa amekaa karibu na Florian alisogea kwenye benchi, akamsukuma mwenzake, na wa mwisho akabaki nusu hewani.

"Huna makazi mengine," Kasmiri alirudia.

"Mzee, ni kwa ajili ya kura tu!"

"Umeapa hivyo au hukuapa?"

"Nimeapa, lakini—"

"Tukikupitisha ukutani hapa, unaishi hapa. Kama unaishi hapa, ulichoapa kule ni nini?" Kasmiri aliitoa redio mapajani, akaiweka chini, mbali na miguu yake. "Mimi nina wajukuu, Florian. Wewe ni mkazi wa Kitaji. Umesema, tumesikia, Mungu amesikia. Nyumba hii ina mwenyewe. Mfungueni yule mbuzi."

"Hii ni ajabu," Florian alisema, akiwageukia mmoja mmoja. "Kweli mnafanya mambo kwa imani za namna hii? Ndiyo maana nchi haiendi!"

Bernado alikohoa, akainuka, akaenda kumfungua mbuzi. Kisha akachukua kitambaa chenye maji akaenda nyuma kufuta ule mkaa ukutani, na huko alikaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Likizo ya Florian iliisha katikati ya Septemba. Uchaguzi ulikuwa mwishoni mwa Oktoba. Alikuwa amelijua hilo tangu anakata tiketi. Kwa maelezo yake kitu muhimu kilikuwa msimamo. Siku ya kuondoka alipita Guta kuaga, pikapu ikinguruma barabarani, akamkuta Dafroza anapakia mapanki kwenye tenga.

"Nina ombi moja la mwisho," alisema, akamnyooshea ile kadi. "Kule kwa Waswidi tunapigiana kwa posta. Siku ya kura nenda Musoma, unipigie. Nitakwambia nani."

Dafroza aliitazama kadi bila kuinyooshea mkono. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya samaki.

"Mpe mwenye nyumba wako, Kitaji," alisema. "Mimi siku hiyo nina ya kwangu, na foleni ya hapa ni ndefu."

Dereva alipiga honi. Dafroza aliinama, akashika tenga upande mmoja, akamwita Bernado aje ashike upande wa pili.